Mtoto wako akikwama mtandaoni anamwambia nani?

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha wazazi wa sekondari moja hapa Masasi, kabla watoto hawajafunga likizo ya Juni. Wazazi waliochelewa wameniomba niyaandike, basi nimeandika vilevile nilivyoongea, mpangilio wa maneno msinidai, mimi ni fundi simu sio mwalimu wa Kiswahili.)

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, walimu poleni na kazi, na nyie vijana mliojibana pale dirishani mambo vipi.

Najua kuna watu wameshangaa, kikao cha wazazi halafu anasimamishwa fundi simu. Hata mke wangu aliniuliza, sasa wewe unaenda kuwaambia nini watu wazima, bei ya vioo? (Watu wakacheka.) Mkuu wa shule aliponiita nilimwambia mkuu mi sijasomea malezi, akanijibu waliosomea wameshakuja na watu walisinzia. Kwahiyo nitaongea ninayoyaona mezani kwangu pale sokoni, na meza ya fundi simu inaona mengi jamani, mengine unatamani usingeyaona.

Tuanze na nyie wazazi maana ndo wateja. Mzazi anakuja na simu ya mtoto, mtoto mwenyewe hayupo, kaichukua alfajiri mtoto kalala, anaiweka mezani anaangalia kulia anaangalia kushoto alafu anashusha sauti, "fundi, nitolee patani nione huyu anaongea na nani", yaani ule mchoro wa kufungulia simu. Mwingine kashasikia kwamba WhatsApp moja inaweza kufunguka kwenye simu mbili, anataka niiunganishe ya mtoto na yake awe anasoma kila kitu akiwa shambani Lulindi huko. Mwingine anataka meseji zilizofutwa. Na hapo bei habishani mtu, yule yule aliyenigombeza wiki iliyopita kwa sababu ya elfu mbili ya kubadilisha sehemu ya chaji, kwenye hili anatoa elfu kumi wala haulizi chenji.

Sasa niwaambie ukweli wa kifundi. Simu nyingi za siku hizi ukisahau patani dawa yake ni kuflashi, na ukiflashi kila kitu kinafutika, yaani ulichokuja kukitafuta ndo umelipa kifutwe, na simu ikiwaka inadai akaunti ya Google ya mwenyewe, unarudi kulekule kwa mtoto. WhatsApp ukiiunganisha, mtoto akifungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa anakiona chako kimekaa pale, atakitoa kwa kubonyeza tu. Au asikitoe! Wenye akili hawakitoi, wanakuachia uendelee kusoma kazi za shule na salamu za shangazi, mambo yao wanayahamishia laini nyingine. Kuna programu za kuficha picha ambazo kwa nje ni kikokotoo, ukijumlisha saba na tano inakupa kumi na mbili, ila ukiweka namba anayoijua yeye linafunguka ghala zima la picha. Hiyo mimi nilionyeshwa na mtoto wa kidato cha pili, na kazi yangu ndo hii.

Kwahiyo mbio za kupelelezana wazazi tumeshashindwa, tukubali mapema tuhamie kwenye jambo lingine.

Mnajua wenyewe simu zinaingia lini majumbani kwetu. Mnada wa korosho ukianza Oktoba, hela ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikiingia, mtu anapaua nyumba, analipa madeni, na mtoto aliyekuwa anaokota korosho kuanzia alfajiri anasema baba na mimi basi, anapata simu ya tachi. Sisemi ni vibaya, kafanya kazi. Ila angalieni linavyokwenda: shule za bweni simu hairuhusiwi, kwahiyo mtoto miezi yote hana, alafu likizo anapewa yote kwa mpigo, usiku na mchana, kama mtu aliyefunga mwezi mzima alafu anafuturu kwa siku moja. Na wale waliomaliza kidato cha nne Novemba ndo kabisa, wengine mpaka Julai waende kidato cha tano, miezi yote hiyo yuko nyumbani hana ratiba, ana bando la usiku. Mezani kwangu miezi hiyo vijana wengi ni hao.

Na hizi programu zimetengenezwa usitoke. TikTok haihitaji hata uwe na rafiki, inapima tu klipu gani umekaa nayo sekunde ngapi, alafu inakuletea inayofanana nayo, haina mwisho, hakuna ukurasa wa pili wa kufungua. Umri wa kuanza ni miaka 13, lakini ukweli mtoto anajiandika kazaliwa 1998 na hakuna anayemuuliza. Hapa kuna jambo wazazi wengi hawalijui na ni la maana kuliko patani. Mtoto aliyejiandikisha kwa umri wake wa kweli TikTok wanamwekea ulinzi, akiwa chini ya miaka 16 watu hawawezi kumwandikia inboksi, akaunti yake mwanzo inakuwa ya faragha. Instagram nao tangu 2024 wana akaunti za vijana za namna hiyo hiyo. Sasa yule wa 1998 mtandao unamhesabu ni baba wa watoto wawili, ulinzi wote anaukosa. Huko Australia wao wameona isiwe tabu, tangu Desemba 2025 chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa kuwa na akaunti za TikTok, Instagram na wenzao. Sisi hatuna sheria hiyo na sijui kama ingefaa, mtoto wa hapa angetumia laini ya bibi yake.

Sasa nije kwa lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Msimu uliopita alikuja kijana, nimebadilisha mambo kidogo asijulikane na mwenyewe amenipa ruhusa. Alikuja nafunga kibanda, akawa hataki kukaa, anashika shika zile kava za simu pale ukutani kama mtu anayechagua, nikamuuliza unataka kava, akasema hapana, akakaa kimya, alafu akauliza, "fundi, picha ikiwa kwenye simu ya mtu mwingine, yuko mbali, inaweza kufutwa mtu akiwa huku?" Niliposikia hilo swali nikaacha kufunga. Nikamwambia kaa.

Ni hivi. Alikuwa anachati na msichana Facebook, msichana mzuri, picha nzuri, wiki kadhaa mapenzi moto, msichana akatuma picha ya utupu akamwambia na wewe nitumie. Akatuma. Dakika hiyo hiyo msichana akageuka, Kiswahili kikabadilika, ikaja skrinshoti ya orodha ya marafiki zake wote, baba mdogo yumo, mwalimu yumo, ustadhi yumo, tuma hela au hii picha inakwenda kwa hawa wote. Msichana hakuwepo tangu mwanzo, ni jamaa tu kakaa mahali, ndo kazi yake, anawafanyia wengi kwa wakati mmoja.

Sasa mtoto wa kidato cha tatu hela anatoa wapi, Masasi, msimu wa korosho. Mnajua anatoa wapi. Aliingia stoo ya baba yake usiku akachota korosho akaenda kuziuza kangomba, kwa wale wanunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa, akatuma hela. Yule mtu akataka nyingine, wale wakishalipwa ndo wanajua hapa pana maji. Akachota tena. Baba akagundua gunia limepungua, akamuuliza, akakiri kaiba. Akapigwa. Na nyumbani wakakaa kikao, wakasema huyu anabeti, mama akasema anavuta bangi, mbona macho mekundu na hali chakula. Kila walichosema akaitikia ndiyo.

Wazazi wangu nataka mlione hilo. Mtoto amekubali kuitwa mwizi, amekubali kuitwa mvuta bangi, amekubali fimbo, kuliko kumwambia baba yake ametuma picha. Na yule baba sio mkatili, namfahamu, ni mtu wa swala, ada analipa kabla ya muda. Ila hilo jambo halina njia ya kupita katikati yao. Ni aibu. Kwetu huku mtoto na baba hawaongei hayo, wala mtoto wa kike na mama yake, na mimi sisemi waanze leo maana hawataanza, tusidanganyane, hawa wanaokuja na semina za kuwa rafiki wa mwanao nadhani hawajakaa Chiungutwa.

Nilifanya nini. Nilimwambia kwanza usitume tena hata mia, maana kulipa hakumalizi. Pili usifute mazungumzo, piga skrinshoti za vitisho, namba ya kutumia hela, jina la ile akaunti, ndo ushahidi. Alafu riporti akaunti ndani ya Facebook kwenyewe, ndo umbloku. Na kuna huduma inaitwa Take It Down, ya shirika moja la Marekani la watoto, ni bure, kama picha ilipigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 inatengeneza alama ya ile picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haiondoki, na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat inatumia hiyo alama kuizuia. Haifiki kwenye meseji za WhatsApp maana zile zimefungwa, kwahiyo sio muarobaini, ila inasaidia. Na tukubaliane kwamba kutuma kwa ile njia ya kuangaliwa mara moja sio kinga, mwenzako ana simu ya pili anapiga picha kioo.

Alafu nikamuuliza, nyumbani kwenu yupo mtu mzima yeyote unayeweza kumwambia hili? Akafikiri. Baba hapana. Mama hapana. Mwalimu hapana, haraka haraka hapana. Alafu akasema, labda mjomba. Mjomba wake yuko Ndanda. Tukampigia palepale, nikaanza kuongea mimi, nikampa simu, akaongea mwenyewe huku kanigeuzia mgongo. Kesho yake saa nne mjomba kashuka stendi. Wakaenda wote polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na jioni mjomba akaenda kukaa na shemeji yake, na alichomwambia mimi sikijui na sikuuliza, ila kijana hakupigwa tena na korosho hazikupungua tena.

Sasa hapo ndo hoja yangu yote ilipo. Sisi watu wa huku, Wamakonde, Wayao, Wamakua, wazee wetu walijua kwamba kuna mambo mzazi hayasikii. Hawakumlazimisha mzazi awe kila kitu. Alikuwepo mjomba na sauti yake kwa watoto wa dada yake, yupo bibi, kule unyagoni yupo kungwi na somo, kule jandoni wapo waliokaa nawe likumbini, kambini kwa wanaotahiriwa. Sisemi turudishe kila kitu, unyago unaomtoa mtoto darasani au unaomwandaa binti wa miaka kumi na mbili kwa mume sikubaliani nao hata kidogo, na likizo hii ngoma zitalia, tuangalie. Nasema tu kwamba kijana alikuwa anajua, likinikuta la aibu, nyumba ya kwenda ni ile. Leo jando limebanwa kwenye likizo ya wiki chache, somo kaolewa Dar, mjomba anapiga simu akiwa anachangisha harusi. Kile kiti kiko wazi. Na kiti kikiwa wazi mtoto hakai na swali lake mpaka uzee, anaenda kuuliza kulekule TikTok, anajibiwa na mtu asiyemjua anayetafuta wafuasi.

Kwahiyo ninachowaomba ni kidogo tu, kila mtoto mwenye simu awe na mtu mzima mmoja ambaye sio baba wala mama, na ajulikane. Asiwe mtu wa kukisia kama yule kijana alivyokisia "labda mjomba". Mnamwita mtoto, mnamwambia, mambo ambayo huwezi kutuambia sisi, mwambie huyu, na sisi hatutamuuliza.

Hapo kwenye kutomuuliza ndo pagumu najua. (Mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "yaani ada nilipe mimi, siri aambiwe mwingine?") Ndiyo mzee wangu, shikamoo, ada ulipe wewe siri aambiwe mwingine, kwa sababu zikikaa kwa huyo mwingine ziko ndani ya ukoo, zikikosa pa kukaa zinakwenda kwa yule jamaa wa Facebook. Ila nakubaliana na wewe pawe na mpaka. Pakiwa na hatari ya mtoto kujiua au kuumizwa, pakiwa na mtu mzima anayemtaka, pakiwa na mtu anamdai hela, huyo mjomba au shangazi hanyamazi, anakuja kwenu, na mtoto awe anajua hilo tangu mwanzo asije akaona kasalitiwa.

Na kumchagua sio kura ya wazazi peke yao. Muulizeni mtoto anamtaka nani. Tuseme wazi, kuna wajomba wengine ndo wa kukimbiwa, kuna baba wadogo mtoto wa kike akisikia wanakuja anatoka nje, na mtoto akisema huyu simtaki msimlazimishe wala msimkaripie, hapo kashawaambia kitu kikubwa bila kukisema. Asiwe mtu wa maneno pia, yule shangazi anayejua habari za mtaa mzima huyo ni redio, hata kama ana roho nzuri.

Hilo la maneno linanikumbusha jambo lingine, wazazi mtanisamehe. Mnawaaibisha watoto kwenye simu zenu. Matokeo yametoka, mtoto kapata divisheni ziro, mama anaweka stetasi, "nimezaa hasara", na emoji za kulia. Baba anapiga picha ripoti ya mtoto anaitupa grupu la ukoo, watu mia na zaidi, wajomba wa Newala, mabinamu wa Dar, kila mtu anakomenti, na mtoto mwenyewe yumo kwenye grupu hilo hilo anasoma! Kuna binti aliniletea simu nimtolee kwenye grupu la ukoo bila watu kuona kwamba katoka. Siku hizi WhatsApp ukitoka wanaotaarifiwa ni maadmini tu, nikamwambia, akasema admini ndo baba. Sasa huyo akitumiwa picha ya ajabu kesho atamwambia nani? Kashajua kwenu jambo lake likifika linakwenda kwa watu mia.

Haya ya haraka sasa maana naona mkuu anaangalia saa. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure mtandao wowote, hata mzazi anapiga, iandikeni kwenye simu ya mtoto leo. Meseji za kitapeli, zile za "ile hela tuma kwa namba hii", mnazituma 15040. Na wote mnaopokea picha za watoto wa watu kwenye magrupu, hata kama unasambaza kwa kusikitika, "jamani oneni watoto wa siku hizi", Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina habari na masikitiko yako, mtoto ni yeyote chini ya miaka 18 na kuisambaza picha yake ya utupu ni kosa la jinai. Ikikufikia usiipeleke mbele hata kwa mtu mmoja, toa taarifa.

TikTok wana kitu cha kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto, kipo tangu 2020, unapanga muda na nani amwandikie, na hicho hakifanyiki kwa siri, mtoto anakubali mwenyewe kwenye simu yake. Wanaotaka nitawafungia, na kwa hilo sitoi bei.

Na kuhusu ile kazi ya patani, tuelewane. Kuanzia likizo hii anayekuja na simu ya mtoto aje na mtoto mwenyewe, tukae watatu pale kibandani, nina mabenchi mawili. Mtoto akikataa kuja, basi njoo na yule mjomba au shangazi mliyekubaliana naye, nitakusikiliza. Ukija peke yako alfajiri unashusha sauti, nitakuuzia kava.

Nimemaliza, kipaza sauti narudisha kwa mkuu, na yule mzee wa ada naomba tuonane pale nje, nina swali langu kwake.